Fundi Kimya na Neno la Herufi Kumi na Tatu

Naweka dau. Yeyote atakayeniamini mpaka mwisho wa habari hii, aniletee pasi yake, nitamtengenezea bure na waya mpya juu yake. Sina wasiwasi. Hakuna pasi itakayoletwa.

Habari yenyewe si yangu, ingawa kati yetu wawili mimi ndiye niliyefaa zaidi kuandikwa. Ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi wa taipureta. Tunamwita Kimya. Jina la kuzaliwa analo, lakini kama yeye mwenyewe halitumii, mimi nilichoshe la nini? Unaweza kushinda naye kutwa, mkanywa chai, mkafunga duka, ukifika nyumbani ukaulizwa amesema nini, ukakumbuka kwamba alikohoa mara mbili.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Kina mlango mmoja, dirisha moja na meza ndefu niliyoigawa katikati kwa mstari wa rangi nyekundu. Upande wa mlangoni ni wangu: pasi, feni, redio, birika za umeme. Nimekaa mlangoni kwa sababu mteja anatakiwa aanze kuona sura nzuri. Kimya yuko dirishani kwa sababu taipureta inataka mwanga. Ana bisibisi kumi na moja amezipanga kwa urefu, mswaki wa kusugulia herufi, sindano ya kutolea uchafu ulioziba tumbo la "e" na la "o", na chupa ya mafuta mepesi ambayo haruhusu niitumie kwenye feni. Ukimsogezea bisibisi moja kwa upana wa kidole, hasemi kitu. Anairudisha. Nimeshamsogezea mara elfu.

Utaniuliza, taipureta mpaka leo? Ndiyo, mpaka leo. Nenda mbele ya mahakama uone wale wachapaji waliokaa chini ya miamvuli, meza hapa, mashine hapa, mteja amesimama anaeleza shida zake na yeye anazipiga chapa. Umeme ukikatika, kompyuta zote zinakufa, wao wanaendelea. Na kuna ofisi zenye zile fomu za nakala tatu tatu ambazo printa ikiziona inazitafuna. Hizo fomu ndizo zilizomlisha dada yangu na watoto wake watatu.

Sasa sikiliza anavyofanya kazi. Fundi mwingine akimaliza kutengeneza anapigapiga vitufe ovyo kama mtu anayefukuza nzi, anaona herufi zimetoka, anakukabidhi mashine. Unafika ofisini, mstari wa tatu tu, vyuma viwili vya herufi vinakumbatiana katikati ya safari na havitaki kuachana. Herufi ikiwa peke yake inaweza kuonekana nzima. Ugonjwa wake unauona pale inapofuatana na wenzake.

Kimya alijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wake wa kwanza kazini alimrudishia mama mmoja mchapaji mashine yake, mama akapiga neno moja mbele yake, vyuma vikakwama. Yule mama hakumtukana. Aliigeuza tu mashine imtazame fundi, akakunja mikono. Tangu siku hiyo mashine haitoki kwa Kimya mpaka ipige maneno kamili yenye zile herufi zilizokuwa zinaumwa.

Shida ni maneno gani. Kama inaumwa "k" au "m", maneno yetu yanatosha, piga "makaratasi" umemaliza. Lakini "q" na "x" zimekaa kwenye mashine kama wageni waliokuja kwenye sherehe ya watu wasiowajua. Lugha yetu haina kazi nazo. Lazima uende kwenye Kiingereza, na Kiingereza cha Kimya na changu ukivichanganya haviwezi kuomba maji. Yeye aliacha shule darasa la sita, mimi la tano, na namwambia kila siku huo mwaka alionizidi waliutumia kumwagilia maua ya mwalimu mkuu.

Ipo ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa, kila mchapaji anaijua, ina herufi zote ndani. Nilimwambia, "Shemeji, si utumie hiyo, ukalale?"

Akanijibu, na nakumbuka kwa sababu ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule: "Mtu kaleta jino linamuuma, mimi nimpime miguu ya nini?"

Basi akaanza kuwinda maneno. Alinunua daftari la jalada gumu, na kurasa zake alizigawa kwa magonjwa: ukurasa wa "q" na "z", ukurasa wa "x" na "z", ukurasa wa "x" na "q". Maana ya neno haimhusu. Anachotaka ni urefu, kwa sababu neno refu linaipa mashine muda wa kukosea. Kutembea naye mjini ni adhabu. Anasimama mbele ya pipa la kiwandani kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Siku moja alisimama mbele ya bango la benki muda mrefu mpaka mlinzi akamfuata.

"Mzee, unaweka au unatoa?"

"Nasoma," akasema Kimya, akaendelea kuandika.

Mama yetu alipoandikiwa dawa ya viungo, Kimya alikwenda kumjulia hali, akakaa kwa adabu zote za mtu aliye mbele ya mkwewe, magoti pamoja, macho chini. Kumbe macho yako kwenye boksi la dawa. Mwisho akaomba kama angeweza kupewa ile karatasi ya maelezo. Mama mpaka leo anawaambia majirani hajaona mkwe anayejali afya yake kama yule. Alichokuwa anakijali ni "hydroxychloroquine", herufi kumi na nane, "x" ndani, "q" ndani. Aliikata ile karatasi akaibandika kwenye daftari. Ndivyo alivyo. Kila neno analiandikia limetoka wapi. "Oxidizer", pipa la kiwanda cha rangi. "Tranquilizer", boksi la dawa ya mbwa. "Maximize", bango la benki. "Equalizer", redio ya mteja.

Akimaliza mashine, anaiacha ile karatasi ya majaribio kwenye rola ili mteja aone kazi. Wateja wakaanza kusema huyu fundi ana Kiingereza kizito. Wengine wakaanza kumwita mwalimu. Mbele yangu, kwenye meza yangu! Mimi mtu akisifiwa karibu yangu huwa nawashwa mwili.

Nikamwambia, "Shemeji, wewe unahangaika na mapipa bure. Maneno mimi ninayo."

"Unayo?"

"Ninayo. Chukua kalamu."

Ndani ya mwezi mmoja nikampa maneno kumi na moja. Kumi niliyatoa kihalali, kwenye migongo ya pasi, kwenye karatasi za kufungia vifaa, huku na huku. Moja nilikuwa sina, na siku ile alikuwa ananisubiri na kalamu mkononi, nikalitunga. Ni lipi, siku ile nilijua. Baada ya miaka miwili ya kujisifu nilikuwa sijui tena.

Kati ya hayo kumi na moja lilikuwapo moja alilolipenda kuliko watoto wake, Mungu anisamehe. "Quexilization." Herufi kumi na tatu.

"Zote tatu?" aliniuliza. "Q, x na z, ndani ya neno moja?"

"Zote tatu, shemeji. Wewe endelea na mapipa yako."

Alicheka mpaka nikaona meno ya nyuma, ambayo sikujua kama anayo. Toka hapo kila mashine iliyotoka kwetu ilitoka na neno hilo juu kabisa ya karatasi.

Kisha kazi ikaanza kupungua. Wachapaji wa mahakamani mmoja mmoja wakahamia kwenye kompyuta. Mashine sita kwa wiki zikawa tatu, zikawa moja. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu, akasimama upande wa dirishani, akaanza kuinua mashine zilizoko rafuni kwa mkono mmoja kukisia uzito. Kimya alimtazama tu. Dada akanivuta pembeni siku hiyohiyo.

"Mdogo wangu, shemeji yako amemwandikia kaka yake. Anataka kwenda huko kwenye tanuri la matofali."

"Kufanya nini?"

"Kubeba."

"Huyo? Na mikono ile?"

"Ndiyo nakwambia."

Mikono ya Kimya inaweza kuokota chembe ya utepe kwa ncha ya sindano. Kwenye matofali ingedumu msimu mmoja.

Ndipo ikatoka habari ya ofisi moja kubwa, ya zile fomu za nakala tatu. Wana taipureta ishirini na sita na wanataka fundi mmoja wa kudumu. Sekretari mkuu alikuwa mgeni, mwanamke mwenye miwani ya kamba shingoni, amechoka na mafundi kupita kiasi. Akatangaza mtihani. Kila fundi atapewa mashine inayoumwa "q", "x" na "z". Akishaitengeneza atapiga maneno sita ya Kiingereza kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, kila neno herufi nane au zaidi, na kila neno liwe na herufi mbili angalau kati ya hizo tatu. Yeye atayakagua kwa kamusi.

"Na yawe maneno ya kweli," alisema. "Mimi siandiki barua za kubuni. Nataka mashine ipigwe kwa maneno, siyo kwa uchafu."

Dada alifurahi mpaka akanisifia mimi. "Daftari lote lile! Nani atamshinda?"

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Kimya alifungua daftari kuchagua maneno sita. Hapo nikakumbuka. Jasho likanitoka na feni ya mteja inanipulizia usoni.

"Hebu nione," nikamwambia.

Akanipa. Sikuwahi kulisoma lile daftari. Nilizoea kulicheka kwa mbali. Nikapita ukurasa kwa ukurasa: pipa, boksi, bango, redio. Na kwenye maneno yangu, kwa ule mwandiko wake wa kunyooka kama reli, "Kwa shemeji." Mara kumi na moja, "Kwa shemeji."

Ningemwambia pale pale, mambo yangeisha. Sikumwambia. Nilisubiri akatoka kunawa mikono, nikayapitia maneno yangu haraka haraka nikitafuta lile la kutunga. Nikaliona: "exchequer". Nikasema ni hili. Hili ni chafya, siyo neno. Hakuna serikali wala kampuni duniani ambayo ingekaa kikao ikakubali kuita kitu "exchequer". Lazima limetoka kwenye kichwa changu. Nikachukua kalamu nene ninayoandikia namba kwenye feni za wateja, nikalifuta mara tatu mpaka karatasi ikalowa.

Kimya akarudi, akaona. "Hili vipi?"

"Limechakaa, shemeji."

Alinitazama, akatazama ukurasa, akafunika daftari.

Alhamisi tulikwenda. Mimi nilimbebea sanduku la vifaa, na sekretari akaniambia nisimame mlangoni nisiguse kitu. Mafundi walikuwa wawili tu: Kimya, na mmoja tunayemwita Koti, kwa sababu anavaa koti hata kama jua linapasua mawe. Wakapewa mashine, kila mmoja na meza yake. Koti alianza kwa kelele, anagonga, anapuliza, anaeleza anachofanya ingawa hakuna aliyemuuliza. Kimya aliinamisha sikio, akapiga "x" mara moja, akasubiri, akapiga tena. Kisha akatoa bisibisi ya tatu kutoka kushoto.

Saa nzima ikapita. Koti akamaliza kwanza, akapiga maneno yake, akakabidhi karatasi kwa mikono miwili. Sekretari akavaa miwani, akafungua kamusi, nene kama tofali. La kwanza limo. La pili limo. La tatu, la nne, yamo. La tano akalitafuta, akarudi nyuma, akalitafuta tena.

"Quexilization," akasoma. "Halimo."

Hilo ni neno langu. Koti kalitoa wapi? Kisha nikaelewa. Kuna mashine ilipita kwetu, ikapita kwake baadaye, karatasi ya Kimya ikiwa bado kwenye rola, naye akalinakili kama lilivyo.

"Angalia vizuri, mama," Koti akasema. "Hilo mafundi wote wanalijua."

"Mafundi ndio wanaoandika kamusi?"

"Kamusi yako ya zamani hiyo, mama."

"Ulilitoa wapi?"

"Ndiyo nakwambia, linajulikana."

Sekretari akalitafuta la sita, akalikuta, akaweka karatasi ya Koti kando, akachukua ya Kimya. Neno la kwanza, juu kabisa, herufi zimekaa sawasawa kama askari. Akalisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Na wewe?"

Kimya hakuelewa kosa liko wapi. Akafungua daftari.

"Tuyaanze haya mengine kwanza," sekretari akasema. Akayatafuta. Manne aliyakuta. "Hydroxychloroquine" halikuwamo. Kimya akageuza ukurasa akamwonyesha ile karatasi ya dawa iliyobandikwa, jina la kiwanda na kila kitu. Sekretari akaisoma yote, mpaka namna ya kuitunza mbali na watoto. Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa hili la juu. Limetoka wapi?"

Kimya akashuka na kidole mpaka kwenye mstari wake. "Kwa shemeji."

"Shemeji ndiye nani?"

Akaninyooshea mkono bila kugeuka.

Jamani, mimi siyo mtu wa kukosa jibu. Nimewahi kumshawishi mteja kwamba moshi unaotoka kwenye pasi yake ni dalili ya afya. Nilikuwa na majibu matatu tayari: niliona kwenye redio ya kigeni, nilipewa na baharia, au kamusi ile imekatwa kurasa. Nikafungua mdomo. Kimya alikuwa amegeuka sasa. Kashika kalamu, daftari wazi, ananisubiri. Alitaka kuandika mahali nilipolitoa, alirekebishe daftari lake. Chochote ambacho ningesema, angekiandika.

"Nimelitunga," nikasema.

Koti akaangua kicheko. "Huyo ndiye mwalimu wenu!" Kisha akakumbuka kwamba neno hilo lipo na kwake, akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Lini?" sekretari akauliza.

"Miaka miwili iliyopita."

"Kwa hiyo mashine zote za mji huu, miaka miwili..."

"Karibu zote, mama."

Kimya akatoa rula, akaliweka neno chini yake, akalikata kwa mstari mmoja mwembamba. Hakunitazama. Mimi nilikuwa nawaza matofali.

"Haya," sekretari akasema mwisho. "Wote mmebaki na matano. Wewe wa koti hujaniambia la kwako lilitoka wapi, lakini sitaki kesi. Nipeni neno moja kila mmoja. Lenye 'x' na 'q'. Sasa hivi, na daftari likiwa limefungwa."

Koti akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Kimya hana neno hata moja kichwani, hilo nalijua mimi. Yote yako kwenye daftari. Akasimama. Akaanza kuizunguka ile ofisi polepole, mikono nyuma. Akasoma mtungi wa kuzimia moto. Akasoma saa ya ukutani, akaachana nayo. Akasoma kabati la mafaili, akainama akasoma feni kwa chini.

"Unatafuta nini?" sekretari akauliza.

"Nasoma."

Akafika kwenye meza ya sekretari. Akainamisha kichwa upande.

"Samahani, mama. Kiwiko."

"Kiwiko?"

"Kiinue."

Akakiinua. Chini yake palikuwa na boksi la karatasi za kaboni, na juu ya boksi, kwa herufi za dhahabu zilizofutikafutika, palikuwa na neno EXQUISITE.

Kimya alirudi kwenye mashine akalipiga polepole, herufi tisa. Chuma cha "x" kikaenda kikarudi, cha "q" kikaenda kikarudi, hakuna kilichomgusa mwenzake. Sekretari akamsogeza, akalipiga yeye mara mbili, kwa ile kasi yao ya mvua juu ya bati. Halikukwama. Akalitafuta kwenye kamusi, akaliona.

"Mama, kichwa kimechoka," Koti akasema kutoka kwenye kona yake. "Naomba ruhusa."

"Ruhusa unayo." Akamgeukia Kimya. "Unajua maana ya neno hili?"

"Sijui."

"Hutaki kujua?"

Kimya alikuwa ameshafungua daftari anaandika. Nilichungulia: *Boksi la kaboni, chini ya kiwiko cha sekretari mkuu.*

"Unaanza Jumatatu," sekretari akamwambia. "Na huyo wa mlangoni abaki na pasi zake."

Kimya akaomba aazimwe kamusi mpaka Jumatatu. Akapewa.

Njiani sanduku alilibeba mwenyewe. Kimya chake nakijua, kina aina zake, kama mvua. Hiki sikuwahi kukisikia. Dada alikuwa mlangoni anatungoja.

"Vipi?"

"Nimepata," akasema Kimya.

Dada akapiga vigelegele, akanikumbatia na mimi, akasema ahsante mdogo wangu kwa maneno uliyomsaidia. Nikasema si kitu.

Kimya akaketi penye mwanga, daftari kushoto, kamusi kulia. Akayapitia yale yangu moja baada ya jingine. Nilikaa karibu nikimwambia hayo yaliyobaki ni safi, la kutunga lilikuwa moja tu, aniamini. Kila alilolikuta alilitia alama ndogo ya penseli. Tisa akayakuta. Mwisho akafika kwenye ule mstari wenye wino mnene. Akaung'oa ukurasa taratibu, akauinua dirishani, akausoma kwa nyuma, herufi moja moja. Akafungua kamusi kwenye "e". Kisha akaigeuza kamusi inielekee, akaweka kidole.

Nilikosea. Lile nililolifuta lilikuwa neno la kweli.